Usimtangulie Mama

Ujumbe ulinikuta jikoni kwangu hapa Jeddah, nachambua mchele. Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua, Kiingereza chake cha kujikwaa kama changu. Alisema yeye ni Marisa, mpwa wa Profesa Bakis, na kwamba mjomba wake amefariki kwao Sardinia, kile kisiwa cha Italia, na wameshamzika. Namba yangu ameikuta kwenye sanduku la kaseti. Alikuwa na swali moja tu. Maktaba ya huko inataka zile kaseti za bibi yake, mama wa Profesa. Za Riyadh hazina tatizo. Za Jeddah zote zimepigwa mstari mwekundu, bila maelezo, na yeye hajui mjomba alikusudia nini. Je, sauti iliyomo ni ya bibi au si ya bibi? Niliusikiliza ule ujumbe mara mbili. Kisha nikamaliza mchele, nikauosha, nikaubandika motoni. Sikulia. Watu wa nyumba hii husema mimi nina moyo mkavu, hata msibani nakaa kama nimekuja kusubiri gari, na sijawahi kubishana nao. Wao walinikuta tayari niko hivi. Mwaka ulionifanya hivi wao hawakuwapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Habari za kwetu Mombasa na za ofisi iliyonileta Riyadh kufanya kazi za ndani nitaziruka, kila mtu anazijua, zote zinafanana. Nianzie kwenye ile nyumba ya mtaa wa Malaz, mle Riyadh, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu na jiko. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Profesa, kimejaa vitabu na masanduku ya kadi za maneno, na mimi nilikatazwa kufuta vumbi humo isipokuwa yeye mwenyewe yupo. Cha pili kilikuwa cha mama yake, Bibi Gratsia, pazia limefungwa mchana kutwa kwa sababu ya jua. Changu kilikuwa kile kidogo kando ya jiko, na kupitia ukuta nilimsikia bibi akiomba dua zake kwa Kilatini, ushanga wake wa sala huuficha chini ya shuka. Alikuwa amepita miaka themanini. Alitoka kijiji cha milimani ambako hakubaki mtu wa kukaa naye, ndipo mwanawe, aliyekuwa anafundisha chuoni Riyadh, akamchukua. Mikate ya Riyadh aliikataa yote. Kwao wanakula mkate mkavu, mwembamba kama karatasi, wanaulowesha kwenye mchuzi wa kondoo. Basi nikawa nasukuma chapati nyembamba mpaka meza inaonekana chini yake, nazikausha ndani ya oveni hadi zinakatika. Bibi alizivunja karibu na sikio, akisikiliza. Ikilia vizuri, anakula. Ikiwa laini, anairudisha kwenye sahani bila neno, na mimi narudi jikoni. Aliniita fiza, yaani binti, na mimi nikamwita Bibi, na kwa miezi ya mwanzo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kazi ya Profesa nilielezwa nikiwa nimeshika sufuria. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kusahau chai mpaka ipoe. Tuliongea Kiarabu cha sokoni na Kiingereza, vyote viwili vya kuokoteza. Siku hiyo alikuja akakaa kwenye meza ya jikoni, akaniuliza, "Aisha, Warumi wa zamani walisemaje mia moja?"

"Mimi nitajulia wapi, Profesa?"

"Kentum. Mtu wa Roma leo anasema chento. Mfaransa amebakisha sa. Mama yangu anasema kentu." Akagonga meza kwa kidole. "Miaka elfu mbili, na hiyo k haijatoka mahali pake. Haya, sasa maji. Warumi walisema akwa, na mtu wa Roma leo bado anasema akwa. Mama anasema abba. Ulimi, Warumi lingwa. Mama, limba. Wenzao walipobadilisha, wao walikataa. Wenzao walipokaa, wao wakahama."

"Basi ni wakaidi tu," nikasema.

Alicheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka. "Wakaidi sana," akasema. "Ndicho ninachoandika. Herufi moja moja, nani aliigusa na nani aliiacha." Akanipa na farasi: Kilatini kaballus, na ile l ya kukazwa imegeuka d kwao, lakini si d yetu, ni ya kukunja ulimi mpaka ncha iguse juu kabisa ya kaakaa. Kaddu. Nilijaribu palepale, akatikisa kichwa. Nikajaribu mwezi mzima nikiosha vyombo. Ulimi ulikataa katakata. Ili nisionekane mjinga nikamwambia na mimi ninayo ya kwetu: Mombasa wazee wanasema kitwa, Unguja wanasema kichwa, na Waunguja hutucheka. Aliacha chakula akaenda kuchukua daftari. "Kitwa ndiyo ya zamani," akasema akiandika. "Waambie wasiwacheke." Sijui kwa nini jambo dogo vile lilinipendeza wiki nzima, lakini lilinipendeza.

Alikuwa na sharti moja, na alilirudia hata likawa wimbo ndani ya nyumba ile: usimtangulie mama. Mtu anayerekodiwa hapewi neno. Unamwonyesha kitu, unanyamaza, unangoja alitoe mwenyewe, hata kama ni nusu saa. Ukimtangulia, kaseti itakuwa na maneno yako kwa sauti yake, na hapo haina maana tena. Kwa kuwa yeye alikuwa chuoni asubuhi zote, rekoda alinikabidhi mimi. Baada ya chai naweka mezani kijiko, kisu, yai, picha ya farasi, picha ya kondoo, nabonyeza kitufe, nakaa kimya. Bibi alifurahia mchezo huo. Kutoka kwenye yai alikwenda kwa kuku, kutoka kwa kuku kwa jirani mwizi wa kuku, akacheka mpaka akakohoa, na mimi nacheka bila kuelewa. Kaseti tupu tulinunua madukani Dira, soko la zamani la Riyadh, kwa Myemeni mmoja aliyedhani tunarekodi mawaidha. Mchana Profesa anarudi, anavaa hedifoni, anasikiliza chumbani kwake, mlango wazi, kalamu mkononi.

Kulikuwa na jambo moja sikulielewa, nikamuuliza. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema na mama yake kwa lugha yao. Alimsemesha Kitaliano tu, chakula, dawa, usiku mwema, vyote Kitaliano, na mama alimjibu kwa kichwa au kwa neno moja. "Kinywa changu kimeharibiwa na shule," akaniambia. "Nikisema naye lugha yetu, nitasema vibaya, na yeye atanifuata kwa mapenzi. Nitamchafua. Kazi ikiisha, nitasema naye." Mimi ni nani nibishe? Lakini nakumbuka nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikawaza, mtu na mama yake, nyumba moja, na lugha yao iko ndani ya sanduku.

Baridi ya Riyadh ilipokwisha Bibi aliamka asubuhi moja upande mmoja wa mdomo umeteremka. Kiharusi. Maneno hayakupotea yote siku hiyo, yalikuwa yanaondoka machache machache. Kwanza hadithi ziliisha. Kisha akawa anataja kitu tu. Kisha anakitazama kitu, anafungua mdomo, anaufunga. Profesa aliambiwa kuna daktari mzuri Jeddah, na rafiki yake mmoja alikuwa na nyumba huko imekaa bure, jengo la zamani lenye kuta zinazotoa chumvi. Tukahamia mimi na Bibi. Yeye hakuweza kuacha masomo, akawa anakuja kwa ndege kila Alhamisi mchana na kurudi Ijumaa jioni. Siku ya kutuacha alishika rekoda akaniambia, "Kadi tupu bado ni nyingi, Aisha. Hakuna mwingine aliyebaki anayesema kama yeye. Kijijini vijana wote ni Kitaliano. Mama akinyamaza, imekwisha." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekupa orodha ya kwenda sokoni.

Nikaweka kijiko. Nikabonyeza. Bibi akanitazama. Saa nzima ya kaseti ilikuwa mashine ya baridi inanguruma, na magari, na mimi nakohoa. Alhamisi Profesa akafika, hakuvua hata koti, akavaa hedifoni. Aliisikiliza ile saa nzima mpaka mwisho, pande zote mbili. Kisha akaingia bafuni akafungua bomba nisimsikie, na bomba likaendelea kumwagika muda mrefu, na mimi nimesimama na trei ya chai mpaka ikapoa. Alhamisi ya pili ikawa vilevile. Bomba. Nilihisi ni mimi niliyemnyamazisha mama yake.

Wiki iliyofuata nilifanya nililolifanya. Kwetu mgonjwa akizidiwa, ulimi ukiwa mzito, haachwi peke yake na ukimya wake. Mtu wa karibu huinama sikioni akamtamkisha shahada, polepole, na mgonjwa hufuata. Nimeliona hilo tangu mdogo, na ninaapa, sijaona wema mkubwa kuliko huo. Shahada si ya Bibi, yeye ana dini yake, sikumgusa huko. Lakini mkono wangu na mdomo wangu vilikuwa vimeshazoea. Nilishika glasi ya maji, nikainama sikioni nikasema, "Abba, Bibi. Abba." Midomo ikatikisika. "Abba," akasema. Nikavuta rekoda karibu, nikainama tena, safari hii kwa kunong'ona. Abba. Kentu. Limba. Binu, mvinyo. Kasu, jibini. Nilikuwa nayajua yote kwa moyo kufikia wakati ule, mamia kwa mamia. Nanong'ona nikiwa nimekizima kitufe, nakiwasha, yeye anafuata. Niliona ninamuuguza, hata kudanganya hakukunijia akilini.

Alhamisi ile Profesa alisikiliza amesimama. Kisha akanijia jikoni akanishika mabega yote mawili. "Amerudi! Aisha, mama amerudi!" Alikula sahani mbili. Nilimwongezea mchuzi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, kaseti zikijaa, na yeye Alhamisi na Ijumaa zake zote zimo kwenye hedifoni, kwa sababu maneno ya kuandika yalikuwa mengi. Mama yake alikuwa chumba cha pili, amelala anatazama dari. Mara moja moja alikuja kumbusu paji la uso, akamwambia kitu kwa Kitaliano, akarudi mbio kwenye kalamu.

Jirani yetu wa mlango wa mbele alikuwa Bi Zuwena, mtu mzima, wazee wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, mwenyewe alikulia Jeddah lakini Kiswahili chake ukikisikia utadhani katoka Malindi ya Unguja jana. Alinipenda na kunitania kwa pumzi moja. Nikisema kitwa chauma, ataita nyumba nzima waje wasikie. Siku moja nilikwenda kwake nikiwa nimefurahi, nikamsimulia kwamba Profesa amegundua jambo kubwa. Katika kaseti za karibuni ameona ile d ya kukunja ulimi inapotea kinywani mwa mama yake, inakuwa d ya kawaida, na kwamba ameandika barua ndefu kwa wenzake Italia kuwaeleza. Nilikuwa natabasamu nikisema. Halafu nikasikia ninachosema.

"Mbona umenyamaza?" Bi Zuwena akauliza.

"Bi Zuwena, hiyo d ni yangu."

"Yako vipi?"

Nikamweleza, glasi, sikio, kitufe. Aliweka kikombe chini. "Yarabi stara," akasema. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nilikuwa namsaidia."

"Najua ulikuwa ukimsaidia. Sikukuuliza hilo." Akakisukuma kikombe kando. "Mwambie. Alhamisi hiihii. Usingoje ya pili."

"Atanirudisha kwetu. Atanifutia ikama, kibali changu cha kukaa."

"Akurudishe. Utarudi, utalia, utanyamaza. Lakini yule mtu anamwandika mama yake, na kumbe anayeandikwa ni wewe. Hebu fikiri."

Sikulala vizuri siku tatu, na kusema kweli kilichoniogopesha zaidi kilikuwa bomba la bafuni, ikama ilikuja ya pili. Alhamisi niliandaa mchuzi wa kondoo, nikaleta bakuli la Bibi na bakuli lake. Kabla hajavaa hedifoni nikasema, "Profesa, mimi nimemtangulia mama." Hakuelewa mara ya kwanza. Nikasema tena, nikaeleza yote nikiwa nimesimama, bakuli lake bado mkononi, kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu. Nilitaka afoke. Baba wa nyumba nyingine angefoka, ingekuwa halas, tumemalizana. Yeye aliuliza tu, "Tangu kaseti ya ngapi?"

Nikamwambia. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akavuta sanduku, akaanza kupiga mstari, kaseti moja moja, bila haraka. Zilikuwa zote za Jeddah, maana zile za kimya nilikuwa nimesharekodi juu yake. Nilisimama pale mpaka akamaliza. Akafunga kalamu. "Na kabla ya hapo, alipokuwa kimya," akauliza, "alikuwa kimya kabisa?"

"Kabisa, Profesa."

"Hata alipokuwa na wewe tu, bila rekoda?"

"Hata hivyo."

Akatikisa kichwa polepole. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi tangu miguuni. Sikuhisi aibu wala nafuu, nilihisi tu kwamba bakuli ni zito, nikaliweka mezani. Tangu siku ile hali hiyo haijaniacha sana. Huja jambo, nikalitazama, nikaliweka mezani.

Marisa nimeshamjibu. Nimemwambia sauti ni ya bibi yako, lakini maneno ni yangu, mjomba wako alikuwa na haki ya kupiga mstari, maktaba wasizichukue kaseti hizo. Akanirudia upesi: basi Jeddah hakuna hata neno moja lake mwenyewe? Hilo sijamjibu bado. Yapo. Hayamo kwenye kaseti yoyote, na ni mimi peke yangu niliyebaki niliyeyasikia.

Ilikuwa kesho yake baada ya ile kalamu nyekundu, Ijumaa, adhuhuri, misikiti imetoka kusalisha na barabara imeanza tena kelele. Profesa alikuwa hajasema na mimi tangu jana ila shukran na samahani. Alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, bakuli la mchuzi mkononi, anajaribu kumlisha kijiko, na Bibi amefunga mdomo. Akamwambia kwa Kitaliano ale. Hapana. Akamwambia tena. Hapana. Mimi nilikuwa upande wa pili nanyoosha shuka, rekoda iko pale kwenye meza ndogo ilipokuwa siku zote, imezimwa. Basi akaweka kijiko chini. Kisha akainama, akasema kitu kwa lugha yao. Nilijua ni ya kwao kwa sababu nilisikia fizu, mwana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga maji asiyoyajua kina.

Bibi aligeuza kichwa. Akamtazama mwanawe toka kwenye nywele hadi kwenye viatu. Halafu akafungua mdomo akaanza kusema. Hakutaja kitu kimoja kimoja, alisema, sentensi juu ya sentensi, mdomo umepinda upande lakini maneno yanatoka yamekamilika, zile k zinagonga, zile d za kukunja ulimi zinagonga, sauti inapanda, kidole kinatikiswa. Vyote Profesa alivyovitafuta mwaka mzima vilikuwa vinamwagika pale, na hakuna aliyemtangulia. Mimi mkono wangu ulikwenda kwenye rekoda wenyewe. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Profesa, bila kumwondolea mama yake macho, akaukamata mkono wangu.

"Acha," akasema.

"Profesa, anasema!"

"Nasikia. Acha."

Akanishika hivyo mpaka mwisho. Haikuwa muda mrefu, labda dakika tatu, nne. Mara mbili alimjibu, maneno mawili matatu, mabovu nadhani, maana kila akijibu Bibi alizidisha. Kisha Bibi akachoka, akageukia ukutani. Hakusema tena siku hiyo, wala siku nyingine, na baada ya siku sita tukampoteza.

Profesa akaniachia mkono. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Nikamuuliza, maana ningeuliza nini kingine, "Amesema nini?"

"Ananigombeza," akasema. "Anasema nilikuwa wapi siku zote hizi. Anasema ameniita na kuniita, na sasa chakula kimepoa."

Akachukua lile bakuli. Mafuta yalikuwa yameshaganda juu. Akala kijiko kwa kijiko, pale pale kitandani, akaumaliza mchuzi wote.